Kifaa Kilicho Hai si Lazima Kiwe Kizima: Mwongozo wa Kuonyesha Tahadhari za Afya ya Vifaa kwenye Dashibodi ya Mtandao

Katika dashibodi nyingi za kufuatilia mitandao, rangi ya kijani ina maana moja tu, nayo ni kwamba kifaa kimeitikia pingi, yaani ujumbe mfupi wa kukiuliza kama kipo mtandaoni. Swichi yenye pawa saplai mbili, moja ikiwa imeshakufa, huitikia pingi kwa kasi ileile ya jana, na ruta ambayo feni yake imesimama itaendelea kupitisha data hadi joto litakapoizima. Kiswahili kinatenganisha vizuri mtu aliye hai na mtu aliye mzima: mgonjwa aliyelazwa wodini yu hai, lakini hakuna atakayesema kwamba ni mzima. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya dashibodi iutambue mpaka huo na kuuweka mbele ya macho ya fundi wa zamu kabla kifaa hakijazimika.

Niliwahi kufanya kazi katika taasisi ambako swichi kuu ilizimika saa nne asubuhi, siku ya kazi, baada ya fundi umeme kukata laini moja ili abadilishe soketi. Tulishangaa, kwa kuwa swichi hiyo ilinunuliwa na pawa saplai mbili, kila moja ikiwa na laini yake. Tulipopitia kumbukumbu tuligundua kwamba pawa saplai ya pili ilikufa wiki kadhaa kabla, na swichi yenyewe ilikuwa imesema hivyo, kwa ujumbe mmoja uliozama katikati ya maelfu ya ujumbe wa poti zinazowaka na kuzima. Ramani iliyotundikwa ukutani ilikuwa ya kijani muda wote huo. Tulikuwa na taarifa, ila hatukuwa tumeitengea mahali pa kuonekana.

Mifano yangu mingi inatoka katika Zabbix, programu ya kufuatilia mitandao, kwa kuwa ndiyo ninayoitumia kila siku, lakini hatua zenyewe zinafaa pia kwa programu nyingine za aina hiyo: LibreNMS, Nagios, au Prometheus ikiwa na Grafana mbele yake ya kuchora skrini.

Hatua ya 1: Fahamu kila kifaa kinaweza kusema nini

Kabla ya kuchora chochote, kiulize kifaa chenyewe. Kwa vifaa vinavyotumia SNMP, itifaki ya kuuliza hali ya vifaa vya mtandao, amri ya snmpwalk itakuonyesha vihisi vilivyomo: vya joto, vya mwendo wa feni, vya volteji, na hali ya kila pawa saplai. Kiwango cha jumla cha kuvisoma ni ENTITY-SENSOR-MIB (MIB ni jedwali la taarifa ambazo kifaa kinaweza kuulizwa), kilichotolewa mwaka 2002 katika RFC 3433, mojawapo ya nyaraka za viwango vya intaneti, ingawa watengenezaji wengi wana majedwali yao wenyewe. Vifaa vya Cisco, kwa mfano, vimetumia CISCO-ENVMON-MIB kwa muda mrefu. UPS nyingi, yaani vifaa vya betri vinavyoshika umeme ukikatika, hufuata RFC 1628 ya mwaka 1994. Seva huulizwa kwa itifaki ya IPMI au, zile mpya zaidi, kwa Redfish, ambayo ilitolewa na shirika la DMTF mwaka 2015 na ambayo tayari inatoa hali ya afya kwa maneno matatu tu yanayoeleweka: OK, Warning na Critical.

Usisahau moduli za faiba. Moduli nyingi za SFP, vile vipande vidogo vinavyochomekwa kwenye swichi ili kuunganisha faiba, hupima zenyewe joto, volteji, mkondo wa leza, nguvu ya mwanga unaotoka na nguvu ya mwanga unaoingia, na hubeba ndani yake vizingiti, yaani mipaka ya kuanzia tahadhari, vilivyowekwa kiwandani. Hizo ni taarifa ambazo watu wengi wanazo bila kujua.

Hatua ya 2: Tafsiri tarakimu kabla hazijafika kwenye skrini

Hapa ndipo dashibodi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kihisi cha ENTITY-SENSOR-MIB hakitoi nyuzi za joto moja kwa moja; hutoa namba kamili pamoja na vipimo viwili vinavyoeleza namna ya kuisoma, yaani skeli na idadi ya tarakimu za desimali. Namba 385 yenye desimali moja ni nyuzi 38.5, na namba 12050 yenye skeli ya mili (sehemu ya elfu) ni volti 12.05. Mtu asiyesoma safu hizo mbili ataweka kwenye skrini swichi yenye joto la nyuzi 385, kisha, badala ya kurekebisha hesabu, atapandisha kizingiti hadi 500 ili kengele inyamaze. Nimewahi kuona jambo hilo kwa macho yangu.

Hali zinazoonyeshwa kwa namba za mpangilio zina mtego mwingine. Katika CISCO-ENVMON-MIB, 1 ni hali ya kawaida, 2 ni onyo, 3 ni hatari, 4 ni kuzimika, 5 ni kwamba sehemu hiyo haipo, na 6 ni kwamba ipo lakini haifanyi kazi. Anayeandika sharti la "zaidi ya 1 ni tatizo" atapata kengele ya kudumu kwa kila nafasi tupu ambayo haijawahi kuwekewa pawa saplai, na baada ya wiki moja hakuna atakayeitazama tena. Anayeamua kuipuuza 5 moja kwa moja naye atakosea, kwa sababu pawa saplai iliyokuwa 1 jana na leo ikawa 5 imechomolewa na mtu. Sharti sahihi ni kwamba 5 inayotokana na mabadiliko ni tatizo, na 5 iliyokuwapo tangu kifaa kisajiliwe si tatizo. UPS nazo zina mpangilio wao: hali ya betri ikisomeka 2 ni nzuri, 3 ni kwamba chaji imepungua, 4 ni kwamba imekwisha, na 1 ni kwamba UPS yenyewe haijui. Ukitumia jedwali la Cisco kusomea UPS, betri nzima itaonekana ina onyo.

Hata ngazi za uzito hazifuati mwelekeo mmoja. Katika syslog, mfumo wa kumbukumbu za ujumbe wa vifaa, ngazi huanzia 0 hadi 7 na 0 ndiyo mbaya kuliko zote, ilhali katika Zabbix ngazi huanzia 0 hadi 5 na 5 ndiyo maafa. Kwa hiyo tengeneza jedwali la tafsiri kwa kila aina ya kifaa, ulihifadhi ndani ya kiolezo (mipangilio ya pamoja ya vifaa vya aina moja), na hakikisha kwamba kinachofika kwenye skrini ni neno, wala si namba. Fundi wa zamu asilazimike kukumbuka usiku wa manane kwamba 6 ni nini.

Hatua ya 3: Weka vizingiti kwa kuzingatia mahali kihisi kilipo

Ndani ya swichi moja huwa kuna vihisi kadhaa vya joto, na kila kimoja kina kawaida yake. Nyuzi 70 kwenye chipu inayosukuma data huenda zikawa jambo la kawaida kabisa, lakini nyuzi 45 kwenye hewa inayoingia kwa mbele ni dalili kwamba chumba kina matatizo. Kizingiti kimoja kwa vihisi vyote kitakuwa cha juu mno kwa hiki na cha chini mno kwa kile. Iwapo kifaa kinatoa vizingiti vyake chenyewe, vitumie hivyo kwanza, kwa kuwa mtengenezaji anaijua chipu yake kuliko wewe.

Kwa hewa ya chumba, chama cha wahandisi cha ASHRAE cha Marekani kinapendekeza kati ya nyuzi 18 na 27 kwa hewa inayoingia kwenye vifaa vya kituo cha data. Kiwango hicho kinafaa chumba chenye viyoyozi. Ukikipeleka kama kilivyo kwenye kabati la swichi lililotundikwa kwenye korido ya jengo la Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa ya nje yenyewe hupita nyuzi 30 kwa miezi kadhaa, utapata tahadhari ya kudumu isiyo na dawa. Swichi nyingi za ofisini zimetengenezwa kuvumilia hadi nyuzi 45 hivi. Soma karatasi ya vipimo ya modeli uliyo nayo, kisha weka onyo nyuzi kadhaa chini ya ukomo huo.

Kizingiti kisiwe mstari mmoja. Joto linalocheza kati ya 39.8 na 40.2 litawasha na kuzima kengele usiku kucha endapo mpaka ni 40 kamili. Andika sharti la kuanza na sharti la kuisha yakiwa tofauti: katika Zabbix, kuanza kunaweza kuwa min(/sw-utawala-01/joto.hewa,10m)>40, yaani joto lisishuke chini ya 40 kwa dakika 10 mfululizo, na kuisha kukawa max(/sw-utawala-01/joto.hewa,10m)<37. Feni na pawa saplai hazihitaji subira ya aina hiyo. Vipimo viwili vinavyofuatana vinatosha.

Kwa mwanga wa faiba, tazama zaidi mwelekeo kuliko kiwango. Vipimo vya dBm, yaani desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja, ni vya logarithimu, kwa hiyo kushuka kwa desibeli 3 ni kupoteza nusu ya nguvu ya mwanga. Kiungo kilichokuwa kikisoma -6 kwa mwaka mzima na sasa kinasoma -10 bado kinafanya kazi na bado kiko ndani ya vizingiti vya moduli, lakini kuna kiunganishi kilichochafuka au kebo iliyokunjwa mahali fulani. Weka tahadhari ya ngazi ya chini kwa tofauti kati ya kipimo cha leo na wastani wa mwezi.

Na kwa UPS, usidanganywe na chaji ya asilimia 100. Betri kuukuu hujaa haraka kwa sababu hakuna kikubwa cha kujaza. Kinachopaswa kuonekana kwenye dashibodi ni makadirio ya dakika zilizobaki kwa mzigo uliopo, pamoja na matokeo ya jaribio la mwisho la betri. Betri za risasi zilizofungwa hupimwa uhai wake katika nyuzi 20 hadi 25, na kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza uhai huo kwa takriban nusu. Kwa hiyo UPS iliyo kwenye chumba cha joto istahili jaribio la mara kwa mara zaidi.

Hatua ya 4: Panga ngazi kwa kile ambacho fundi atafanya

Usiulize tatizo ni kubwa kiasi gani. Uliza nani atainuka na kufanya nini, na saa ngapi. Mimi hutumia ngazi tatu pekee kwa afya ya vifaa. Ya kwanza, onyo, ni ya kushughulikiwa ndani ya juma, mfano mwanga wa faiba unaofifia au diski yenye sekta zilizohamishwa. Ya pili ni kupoteza akiba: pawa saplai moja kati ya mbili, feni moja kati ya tatu, diski moja katika RAID (kundi la diski zinazolindana). Ya tatu, hatari, ni ya kumwamsha mtu. Ngazi ya pili ndiyo ninayoipigania katika kila mradi, kwa sababu mifumo mingi huiweka pamoja na maonyo madogo kwa hoja kwamba huduma haijaathirika. Ni kweli haijaathirika, ila kinga imeisha, na hitilafu ijayo haitakuwa na wa kuidaka. Ipe rangi yake na mahali pake.

Hatua ya 5: Ukimya uwe na alama yake

Kihisi kisichotoa jibu si kihisi kizima. RFC 3433 yenyewe inatofautisha kihisi kilicho sawa, kihisi ambacho thamani yake haipatikani kwa sasa, na kihisi kilichoharibika, lakini dashibodi nyingi huendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyopokewa hata kama ni ya juzi. Ongeza sharti la nodata, yaani la kutopokea data kwa muda fulani, kwa kila kundi la vihisi, tuseme dakika 30, na matokeo yake yaonekane kwa rangi ya kijivu na neno "Haijulikani". Kando ya kila thamani onyesha umri wake. Tahadhari zinazotumwa na kifaa chenyewe kwa SNMP hupita kwa UDP kwenye poti 162 na zinaweza kupotea njiani bila mtu kujua. Zitumie kwa ajili ya haraka, lakini kukiuliza kifaa kila baada ya dakika chache kuendelee kuwa ndio msingi.

Hatua ya 6: Panga skrini

Kila kifaa kiwe na alama mbili zilizotengana: moja ya kupatikana kwake na nyingine ya afya yake. Zikichanganywa kuwa moja, ile ya kupatikana itameza nyingine. Juu kabisa ya skrini weka idadi ya vifaa vilivyopoteza akiba na idadi ya vifaa vilivyo katika hatari, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka kutoka upande wa pili wa chumba, na chini yake orodha ya matatizo yenyewe. Vifaa vizima havihitaji nafasi kubwa. Kipande cha skrini chenye umbo la sega la nyuki (Honeycomb) kilicholetwa na Zabbix 7.0 mwaka 2024 kinafaa kwa kazi hii, kwa kuwa mamia ya vifaa hukaa katika eneo dogo na kilichobadilika rangi huonekana mara moja.

Unapofupisha hali ya jengo au kanda, chukua hali mbaya kuliko zote miongoni mwa vilivyomo, kamwe usichukue wastani. Wastani wa joto wa raki 10 unaweza kuwa nyuzi 26 huku raki moja ikiungua kwa 41. Vipimo vyenye mishale vinavyofanana na saa za gari vinapendeza machoni mwa wageni, lakini hula nafasi ya tahadhari kumi ili kuonyesha namba moja, mimi huviondoa.

Rangi isibebe ujumbe peke yake. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, takriban 1 kati ya 12 hutofautisha nyekundu na kijani kwa shida, na tatizo hilo lipo pia kwa watu wa asili nyingine. Ongeza umbo na neno: pembetatu na "Onyo", mraba na "Hatari", duara tupu na "Haijulikani". Kupepesa kuachwe kwa tahadhari ya ngazi ya tatu ambayo bado haijapokewa na mtu.

Hatua ya 7: Andika sentensi, si jina la kigezo

Linganisha tahadhari hizi mbili. Ya kwanza inasema "ciscoEnvMonSupplyState.1004 = 6". Ya pili inasema "Pawa saplai ya pili haifanyi kazi, swichi inategemea ya kwanza pekee. Jengo la Utawala, ghorofa ya 1, raki 2." Ya pili inaweza kusomwa kwenye simu kwa mlinzi au fundi umeme aliyeko karibu, naye akaenda kuangalia kama waya umechomoka. Katika Zabbix, jina la tukio linaweza kuvuta mahali kifaa kilipo na namba yake ya utambulisho kutoka kwenye rejesta ya vifaa, mradi rejesta hiyo imejazwa. Kuijaza ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayomtoa fundi katika kuzunguka jengo zima na tochi. Taja nini kimeharibika, kiko wapi, bado kuna nini kinachofanya kazi, na hatua ya kwanza ni ipi. Tumia lugha ambayo mafundi wenu huzungumza kwenye simu. Kama wanasema "pawa saplai", usiwaandikie "kigavi cha umeme" ili kuwafurahisha wanasarufi.

Hatua ya 8: Unganisha tahadhari zenye chanzo kimoja

Katika vyumba vingi vya seva, kiyoyozi hakipo kwenye UPS. Umeme ukikatika, vifaa huendelea kufanya kazi huku hewa ya baridi ikikoma, na joto hupanda hata baada ya jenereta kuwaka, kwa sababu viyoyozi vingine havijiwashi vyenyewe. Dashibodi isiyo na mpangilio itatoa tahadhari ya UPS, kisha tahadhari 40 za joto kutoka kila swichi, na ile ya UPS itasukumwa chini ya ukurasa. Weka kihisi kimoja cha joto la chumba, fanya tahadhari za joto za vifaa vilivyomo zitegemee tahadhari ya kihisi hicho katika ngazi ya onyo, na ziache huru katika ngazi ya hatari. Kwa njia hiyo, fundi anaona mstari mmoja unaosema "Joto la chumba linapanda, umeme ulirudi dakika 12 zilizopita, kagua kiyoyozi", na kifaa kinachokaribia kuungua bado kina ruhusa ya kupiga kelele peke yake.

Hatua ya 9: Tahadhari iliyopokewa isipotee

Kipuri kinaweza kuchukua wiki kadhaa kufika, hasa kikiagizwa kutoka nje. Katika kipindi hicho tahadhari haipaswi kupepesa, wala haipaswi kufichwa. Ihamishie kwenye orodha ya "Inasubiri kipuri" iliyo kwenye skrini ileile, ikiwa na tarehe ya kuanza, jina la anayeishughulikia na tarehe ya kuangaliwa tena. Ukitumia kipengele cha kunyamazisha, kipe ukomo wa muda; kunyamazisha bila ukomo ndiko kunakozaa swichi zenye pawa saplai moja zisizojulikana na mtu.

Hatua ya 10: Ijaribu kwa hitilafu halisi

Omba muda wa matengenezo, hakikisha pawa saplai ya kwanza ni nzima, kisha chomoa waya wa ya pili. Hesabu muda hadi tahadhari ionekane, na muulize mtu ambaye hakuwa na taarifa akuambie kutoka kwenye skrini ni kifaa gani, kiko wapi, na kimepatwa na nini. Akishindwa kujibu ndani ya sekunde 10, rudi hatua ya 6. Rudisha waya na uthibitishe kwamba tahadhari inajifunga yenyewe. Kwa joto, shusha kizingiti kwa muda chini ya kipimo cha sasa badala ya kupasha kifaa moto. Kwa kihisi kilichonyamaza, zuia SNMP kwenye kifaa kimoja na usubiri rangi ya kijivu. Usichomoe trei ya feni kabla ya kusoma kitabu cha modeli yako, kwa sababu baadhi ya swichi hujizima zenyewe dakika chache baada ya trei hiyo kutoka. Jaribio hili lirudiwe kila mara mnapobadilisha toleo la programu ya kifaa, maana namba za vihisi zinaweza kuhama, na kihisi kilichokuwa cha pawa saplai ya pili kikawa kinasomwa kama cha feni.